Suruali Kwenye Kamba ya Mjane

Maneno yenyewe aliyasikia bombani, ndoo yake haijajaa hata nusu, na tangu hapo hayakumtoka masikioni.

"Mama Kasuku," jirani yake alimwuliza, kajishika kiuno, "ile suruali ya mumeo ya kahawia umeigawa?"

"Suruali gani?"

"Ile yenye kiraka cha maua nyuma. Si uliishona mwenyewe kwa kitambaa cha gauni la mtoto? Tulicheka siku ile mpaka mbavu zikauma."

"Ipo ndani."

"Haya, ipo ndani." Jirani aliwageukia wanawake waliokuwa kwenye foleni, kama anayewaomba wawe mashahidi. "Basi ziko mbili duniani. Maana jana nimeiona kwa macho yangu haya imeanikwa kwenye kamba ya yule mjane anayeuza chai karibu na duka la betri. Imefuliwa, imetakata. Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Huyu jirani mtaani walimwita Mama Redio, wala hakuchukia, kwa sababu redio husikilizwa. Wanawake wakajifanya kuzitazama ndoo zao. Mmoja akakohoa. Mwingine kutoka nyuma akasema kwa sauti ya upole uliokuwa mbaya kuliko tusi, "Jamani, labda mama wa watu anamsaidia tu kufua. Mwenzetu ana mtoto mdogo, kazi zimemzidi." Kicheko kikapasuka, hata mwenye zamu ya bomba akamwaga maji.

Mama Kasuku alibeba ndoo yake vilevile nusu. Alipofika chumbani alifungua sanduku akatoa nguo zote, akainua godoro, akachungulia nyuma ya kabati. Bintiye alimfuata nyuma kila alipokwenda. Mtoto huyo alikuwa hajatimiza miaka mitatu lakini mdomo wake haukupumzika, ndiyo maana walimwita Kasuku.

"Mama, unatafuta nini? Mama, panya? Mama, panya ameingia? Tumwite baba ampige? Mama, panya ana meno?"

"Nyamaza kidogo, mwanangu."

"Panya ananyamaza?"

Suruali haikuwepo.

Jioni mume aliingia akiwa na shati jeupe alilopigiwa pasi asubuhi, na mkunjo wa pasi bado umesimama mikononi. Zamani mkewe alijivunia shati hilo. Wanaume wengine wa ua ule walirudi wamechafuka kama waliochimbuliwa ardhini, wake zao wakinung'unika, na yeye alikuwa akikaa mlangoni makusudi waone wake anavyorudi. Leo alilitazama shati lile akajiuliza mtu anafanyaje kazi kutwa nzima na jua hili asitoe hata jasho la kwapa. Akasogea karibu. Nywele za mumewe zilikuwa na unyevu, na mwili ulinukia sabuni ambayo yeye hajawahi kuinunua.

"Umeoga wapi?"

"Nimenawa tu. Joto kazini."

"Umenawa mpaka utosini?"

"Mama Kasuku, jamani. Hata maji sasa ni kosa?" Alimwinua mtoto aliyekuwa ameshamng'ang'ania mguu, akamrusha juu. Mtoto akacheka.

"Suruali ya kahawia iko wapi?"

Alimrusha mtoto tena kabla ya kujibu, na mkewe aliuona ule ujanja kama mtu anavyoona nyoka.

"Niligawa. Ilishachakaa."

"Ukampa nani?"

"Mtu. Kwani suruali ile ina nini? Uliiita tambara mwenyewe."

"Tambara langu," alisema mke. "Nilishona mimi."

Alipakua chakula, akamwekea mumewe sahani mbele yake bila kumkaribisha, akaenda kukaa kitandani ameelekea ukutani.

Ukweli ulikuwa huu. Mume alipoajiriwa kwenye lile duka la betri alikaa kaunta mbele, akiuza betri mpya za magari, na shati lake lilikuwa na maana. Kisha tajiri akamleta mpwa wake akae kaunta, yeye akaambiwa aende nyuma kama bado anataka kazi. Nyuma kulikuwa na banda la mabati. Huko walivunja betri kuukuu kwa shoka, wakamwaga maji yake, wakatoa sahani za madini ya risasi zilizomo ndani, wakaziyeyusha kwenye karai la chuma juu ya moto na kuzimimina ziwe vipande vya kuuza. Vumbi la kijivu lilitanda kila mahali. Liliingia kwenye mikunjo ya nguo na kwenye nyusi, na midomoni lilikuwa na utamu kidogo.

Hakukuwa na sare wala chumba cha kubadilishia nguo. Tajiri alikuwa mtu wa mizaha. "Hapa siyo jeshini," alisema. "Vaa unachotaka, vaa hata gauni la mkeo, mradi betri zivunjike." Kila mmoja alikuja na nguo zake za nyumbani na kurudi nazo zilivyo.

Huyu peke yake alibadilisha, na hakubadilisha kwa hekima, alibadilisha kwa aibu. Hakutaka mkewe ajue kwamba bwana kaunta sasa anapiga shoka. Alichukua suruali kuukuu na fulana moja, akawa anavaa nyuma ya choo. Mjane muuza chai alimwona huko siku moja akiruka kwa mguu mmoja, suruali imemnasa kwenye kisigino.

"Utaanguka chooni, kaka," alimwambia. "Njoo ubadilishie kwenye chumba changu cha stoo. Una mtoto mdogo nyumbani?"

"Ninaye."

"Basi hizo nguo zisifike kwako hata siku moja. Nitakufulia mimi. Na maji ya kuoga nitakuwekea."

Akamweleza sababu. Marehemu mumewe alifanya kazi banda hilohilo, akarudi kila jioni na nguo zake, na binti yao wa pekee alikuwa akimkimbilia na kumkumbatia miguu. Vumbi lile lina sumu. Binti sasa ni mkubwa wa kuolewa, lakini hukaa kwenye mkeka akiangalia vidole vyake, na hulishwa. Mume alimsikiliza mjane akaamini nusu, na nusu hiyo ilitosha kumfanya aiache suruali pale. Alimwomba jambo moja tu. "Mke wangu asijue kwamba niko nyuma. Nitamwambia mwenyewe nikirudishwa mbele." Mjane alikubali. Alidhani anamhifadhia mtu heshima yake.

Siku ya pili yake Mama Kasuku alivaa nguo yake nzuri, akamfunga mtoto mgongoni, akaenda.

Banda la chai lilikuwa limejaa. Mafundi wa magari walikuwa wakinywa chai wamekaa kwenye viti vya plastiki, na nyuma yao ilining'inia kamba. Suruali ilikuwa pale. Kiraka cha maua kilimtazama kama jicho.

"Karibu, dada," mjane alisema. "Chai?"

Mama Kasuku alimpita bila kumjibu, akaenda moja kwa moja kwenye kamba. Alivuta suruali ile kwa nguvu za hasira hata kijiti kimoja cha kubania kikaruka kikaangukia kwenye kikombe cha fundi mmoja.

"Hii ni ya nani?"

Vikombe vikatulia mezani. Mjane alifuta mikono kwenye kanga yake polepole. Alikuwa na meno meupe na shingo ndefu, na Mama Kasuku aliviona vyote hivyo kwa mara moja na akavichukia kimoja kimoja.

"Ya mumeo," mjane alisema.

"Alaa! Hata kukana hukani!"

"Nikane nini, dada? Ni yake. Anabadilishia hapa."

"Anabadilishia hapa!" Mama Kasuku aliwageukia wanywaji chai. "Mmesikia? Mume wangu anavulia suruali kwake!"

"Tumesikia, mama," fundi mwenye kijiti kwenye kikombe alisema. "Lakini chai yangu nani atalipa?"

Wakacheka. Mjane hakucheka. Alikuwa akimtazama mtoto mgongoni, ambaye alikuwa amenyoosha mkono akigusa kiraka. "Hii ya Kasuku," mtoto alisema. "Mama, hili gauni langu. Baba anavaa gauni langu?"

Hapo mjane akasogea haraka akaishika suruali upande mwingine. "Dada, nisikilize. Mume ni wako, mchukue hata sasa hivi. Nguo iache hapa."

"Unaninyang'anya?"

"Usiende nayo nyumbani, nakuomba. Ina vumbi baya, hata ikifuliwa haitoki yote. Mtoto asiishike."

"Vumbi la mume wangu ni baya kwangu na zuri kwako?"

Wanywaji chai wakaguna kwa raha, kama watu kwenye mpira.

"Mume wako..." mjane alianza, akaangalia kwenye geti la duka, kisha akaangalia watu wote wale waliotega masikio. Alikuwa ameahidi. Neno moja tu lingetosha. Angesema yuko nyuma anavunja betri, na mambo yote yangeishia pale, kwa aibu ya mwanamume mmoja. "Mwulize mwenyewe kazi yake," akasema mwishowe. "Mimi si wa kukuambia."

"Kumbe mna siri!"

Akaivuta suruali ikamtoka mjane mkononi, akaikunja, akaitia kwapani, akaondoka na kidevu juu. Mtoto mgongoni aliinamisha kichwa akaegemeza shavu kwenye nguo ile njia nzima.

Jioni alimngoja mumewe mlangoni, suruali kaitandika kitandani kama maiti.

Mume aliiona, akakaa.

"Nimeitoa kwenye kamba ya mkeo," mke alisema.

"Yule si mke wangu. Hakuna kitu, naapa. Ninabadilisha tu. Kazini kuna uchafu."

"Uchafu gani dukani?"

Jibu alikuwa nalo ulimini. Lakini aliona mkewe alivyovaa, ile nguo nzuri ya kwendea kwenye sherehe, na akawaza anavyowasimulia wanawake wa ua kwamba mume wake anauza kwa mikono misafi. Akameza jibu.

"Siku hizi napanga betri stoo," alisema. "Zina vumbi. Nguo zinachafuka."

"Basi zichafuke. Mimi nimeolewa nifanye nini? Uchafu wako ni wangu. Utatoka hapa na nguo zako, utafanya kazi na nguo zako, utarudi nazo mwilini, nizivue mimi na nizifue mimi. Siku nikinusa tena sabuni ya mwanamke yule, nafungasha vitu vyangu na mtoto wangu."

"Mama Kasuku, siyo nzuri. Kuna watu wanasema lile vumbi linadhuru watoto."

"Watu wanasema. Watu nani?"

Angemtajaje?

"Ni yeye amekuambia," mke alisema. Hakuwa anauliza. "Akakutisha na mtoto wako mwenyewe ili uendelee kuvua kwake. Mwanamke ana akili huyo!" Akaanza kulia, na mume ambaye hakuweza kumwona akilia alisema sawa, sawa, nitafanya unavyotaka.

Zikafuata siku nzuri, na ndiyo sehemu inayouma kuisimulia. Mume alirudi kila jioni na suruali yake ya kiraka, imepauka kwa vumbi la kijivu, na mke alimpokea kwa furaha ambayo hakuwa nayo tangu waoane. Alimvua fulana mwenyewe. Aliinusa, akakuta moshi na jasho na chuma, hakuna sabuni, akatabasamu. Mtoto alimkimbilia baba yake akamkumbatia miguu, akaficha uso kwenye magoti yake, akaingiza mikono mifukoni kutafuta peremende, kisha akailamba mikono hiyo.

Asubuhi mama alizikung'uta nguo zile mlangoni, papapa, vumbi likapeperukia ndani na nje. Alizifulia kwenye beseni ambalo baadaye alimwogeshea mtoto. Akazianika mbele kabisa, mahali ambapo kila anayekwenda bombani lazima ainame apite chini yake.

"Umemkomesha yule," Mama Redio alimsifu. "Mimi ningekuwa na moyo wako, mume wangu asingeniacha."

"Mume ni kumshika, dada."

"Mshike. Tena mkaze."

Na akamkaza. Siku ambazo mume alijaribu kujikung'uta vumbi njiani, au kunawa uso bombani kabla ya kuingia, alimwuliza anamficha nani. Akazoea kuingia jinsi alivyo. Wenzake wa banda wakamtania kwamba sasa na yeye amekuwa mtu. Mjane alimwona akipita getini na nguo zile, akamfuata mpaka barabarani.

"Kaka, umwambie mkeo. Mwambie leo."

"Nitamwambia."

"Uliniambia hivyo tangu mwanzo."

"Shemeji, usinifuate. Watu wanaangalia."

Mtoto alianza kwa kukataa uji. Kisha tumbo likawa linamuuma, akajikunja kama mzee, na choo kikawa kigumu. Zahanati wakampa dawa ya minyoo. Mama akaenda nayo amefarijika, maana minyoo ni ugonjwa wa watoto wote.

Lakini maneno yalipungua. Mama hakugundua ni siku ipi. Ilikuwa kama maji yanayovuja kwenye ndoo, unakuja kushtuka umebaki na tope. Mtoto aliyeuliza kama panya ana meno sasa alinyoosha kidole tu. Akitaka maji, kidole. Akimwona baba, kidole. Rangi ilimtoka usoni. Akawa anakaa kizingitini na kujikwaruza mdomo.

"Kasuku wako mbona amenyamaza?" Mama Redio aliuliza. Kisha akashusha sauti. "Yule mwanamke ulimdhalilisha mbele ya watu. Mtu kama huyo hakuachi hivihivi."

Wivu uliokuwa umelala ukaamka na sura mpya. Amemfanyia mtoto wangu kitu, mama akawaza, na hakuwaza tena kitu kingine. Siku zilizokuwa za kumpeleka mtoto hospitali kubwa, alizitumia kuulizia habari za mjane, anatoka wapi, mumewe alikufa na nini, ni kweli ana binti asiyesema? Alipoambiwa ndiyo, binti yupo na hasemi, alijipiga paja. Aliona ameshapata ushahidi. Kilio cha mwanamke yule mwingine, kilichofanana na chake kama pacha, alikisoma kama kosa lake.

Alikuwa amekwisha kujifunga kanga kwenda kumvamia, mtoto alipoanguka. Macho yakageuka, viungo vikakakamaa, povu likamtoka. Mama alipiga ukelele, na ua mzima ukamjia.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Alimtazama mtoto ufizi, akambonyeza tumbo, akaandika. Wodi ilikuwa na vitanda vilivyosongamana, na mama wa watoto wengine hawakuwa na la kufanya ila kusikiliza.

"Baba yake anafanya kazi gani?" daktari aliuliza.

"Muuzaji," mama alijibu upesi. "Dukani. Anauza betri za magari."

"Anauza tu? Hazivunji? Haziyeyushi?"

"Ah, hapana daktari! Yeye ni mtu wa kaunta." Hata pale, mtoto kalala na sindano mkononi, alivuta mabega nyuma akasema hivyo.

Daktari alimtazama baba. Alikuwa amesimama mwisho wa kitanda, ametoka kazini mbio, na vumbi limemjaa mpaka kwenye masikio.

"Baba?"

Alijipangusa uso kwa kiganja.

"Baba, nakuuliza kwa sababu dawa ya degedege tu haitoshi. Kama kuna vumbi la risasi nyumbani, nipime damu ya mtoto leo. Kama hakuna, natafuta kwingine, na muda unakwenda."

"Navunja," alisema.

"Sema nikusikie."

"Navunja betri. Niko nyuma, kwenye banda. Sijakaa kaunta tangu yule mpwa wa tajiri aje." Aliyasema akiangalia sakafu. Mama mmoja wa kitanda cha jirani akasonya. "Na nguo narudi nazo nyumbani."

Daktari hakumkaripia. Alichukua damu, akaondoka nayo mwenyewe.

Mke alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alipofungua mdomo, neno lililomtoka halikuwa lile ambalo kila mtu pale alilingoja.

"Nani mwingine anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba uko nyuma. Nani ulimwambia?"

"Sasa hilo ni swali la kuuliza saa hii?"

"Yeye alijua?"

"Alijua. Aliniona tu, sikumwambia."

"Alijua kazi yako. Alijua vumbi. Alijua mtoto wangu atakuwaje. Na mimi niliyekuwa nakufulia kwa mikono hii sikujua." Alikuwa ananong'ona. "Afadhali ungelala naye. Naapa, afadhali ungelala naye, ukaniambia mimi kazi yako."

Mume akalia. Hakuna aliyemwambia anyamaze.

Majibu yalipokuja, daktari alisema risasi imezidi sana kwenye damu ya mtoto, na kwamba wataanza dawa ya kuitoa. Mama akauliza kama ni ya kurogwa. Daktari akasema hapana mama, ni ya nguo.

Mjane alikuja siku ya tatu saa ya kuona wagonjwa, na chupa ya chai. Mama Kasuku alimwona akiwa bado mlangoni na hakugeuza uso. Alitamani kumchukia kama mwanzo, maana chuki ile ilikuwa nyepesi kubeba.

"Nimekuja kumwona mtoto," mjane alisema.

"Ndiye huyo."

Akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayeangalia njia aliyowahi kuipita. "Wangu hawakumpima. Waliniambia ni kifafa, wakaniambia ni shetani, wakaniambia nilikula yamini ya uongo. Mpaka nilipojua, amekwisha kuwa vile." Akaweka chupa chini. "Siku ile ulipokuja kibandani, ningekuambia mbele ya wale wote. Neno lilifika hapa. Nikalimeza kwa sababu ya aibu ya mumeo."

"Ulikuwa na siri na mume wangu."

"Nilikuwa nayo. Na ingekuwa ile uliyoidhani, mwanao angekuwa mzima."

Mama Kasuku aliinuka akampisha kiti, siyo kwa upendo. Alimpisha kwa sababu yule mwanamke alikuwa amejishikiza kwenye chuma cha kitanda. Wakakaa na mtoto katikati, mmoja kitandani mmoja kitini, na chai ikapoa.

Mtoto aliruhusiwa. Nyumba ilipanguswa kwa matambara ya maji, ukuta na dari, godoro likatupwa, na beseni. Mume hakupata kazi nyingine. Aliwaomba wenzake wa banda, na kwa pamoja wakamwendea tajiri kudai bafu na mahali pa kuacha nguo. Tajiri akauliza kama wamekuwa mabwana arusi. Wakagoma mpaka akakubali kuweka mabati manne na pipa la maji. Ni hicho tu walichopata. Wawili kati yao waliwapeleka watoto wao kupimwa. Wengine wanasema watakwenda.

Degedege halijarudi. Kasuku anakula, anatembea, anacheka akitekenywa. Anasema mama, anasema maji, na mengine bado ni kidole. Daktari anasema damu imepungua sumu, lakini kilichoharibika kichwani hajui kama kitarudi, na hataki kumdanganya mtu.

Kwa Mama Redio kuna mjukuu wa rika la Kasuku. Ukuta unaotenganisha vyumba ni mwembamba, na kila asubuhi mtoto yule anaanza kuuliza. Bibi, jua linalala wapi? Bibi, kuku ana masikio? Bibi, kwa nini? Bibi, kwa nini? Bibi yake anamkemea anyamaze, amemchosha. Upande wa pili Mama Kasuku anaacha kufanya anachofanya, anasimama na mkono ukutani, akisikiliza, na moyo unamuwaka kwa wivu ambao hakuwahi kuupata juu ya mwanamume yeyote.

Mambo ya kuepuka, kwa yeyote ambaye mtu wake anavunja betri, anachomelea, anapaka rangi magari au anafanya kazi yoyote ya vumbi na sumu:

Usiruhusu nguo za kazini ziingie ndani. Hata viatu. Hata kofia.

Usimkabidhi mtoto kwa baba ambaye hajaoga na kubadilisha nguo.

Usikung'ute nguo hizo mlangoni, wala usifagie vumbi lake kwa ufagio mkavu. Pangusa kwa maji.

Usizifue pamoja na za watoto, wala kwenye beseni la kuogeshea.

Usile wala usivute sigara kazini kabla ya kunawa.

Usiridhike na dawa ya minyoo kama mtoto anaumwa tumbo, amepauka na anapoteza maneno. Omba apimwe damu, utaje kazi ya baba yake.

Wewe mwanamume, usimfiche mkeo kazi unayofanya.

Wewe mwanamke, usinuse shati. Uliza.